Ufito wa galaksi: unajenga au unamaliza?

Novemba, saa mbili usiku, nilikuwa kando ya barabara ya Magadi, taa za Nairobi zikiwa zimebaki nyuma ya vilima vya Ngong. Nilielekeza darubini juu, kusini kidogo ya utosi, nikaona doa refu hafifu, mithili ya alama ya kidole kilicholowa kwenye kioo. Ni NGC 253, galaksi (mkusanyiko mkubwa wa nyota na gesi) aliyoigundua mwanaastronomia Caroline Herschel mwaka 1783, iliyo umbali wa miakanuru milioni 11 hivi, mwakanuru mmoja ukiwa umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka. Katikati yake umepita ufito, yaani mkanda mnyoofu wa nyota, na kitovuni nyota zinazaliwa kwa kasi ya ajabu. Je, ufito huo unaijenga galaksi au unaimaliza?

Wanaosema unaijenga wana hoja nzito. Gesi ya kwenye mikono ya galaksi, ile inayojipinda kutoka katikati, huzunguka miaka nenda miaka rudi bila kukaribia katikati. Mvuto wa ufito ndio unaoipunguzia mzunguko, ikateremka ndani. Anayeingia mjini asubuhi kwa Thika Road anaelewa: matatu zinamiminika kutoka Githurai, Kasarani na Roysambu, kisha zinabanana pale Globe. Gesi nayo ikibanana, nyota huzaliwa. Katika NGC 1097, galaksi nyingine yenye ufito, msongamano huo umeumba pete nzima ya nyota changa kuzunguka kitovu, yenye upana wa miakanuru 5,000 hivi.

Lakini nyota kubwa hazidumu. Baada ya miaka milioni chache hulipuka, na milipuko hiyo, pamoja na pepo za nyota zenyewe, huisukuma gesi nje. Mwaka 2013, watafiti waliotumia darubini za redio za ALMA kule Chile walitangaza kuwa NGC 253 inatupa nje gesi ya karibu mara 10 ya uzito wa Jua kila mwaka. Nyota zinazotengenezwa kitovuni kwa mwaka mzima hazifikii nusu ya uzito huo! Tena ndani ya ufito wenyewe gesi huburutwa mno hata ikashindwa kujikusanya, nyota zikazaliwa kwa shida.

Mimi naegemea upande huu wa pili, kwamba ufito unaimaliza galaksi, ingawa gesi iliyotupwa ikirudi ndani, hesabu yangu itabadilika. Kinachonisukuma zaidi ni nyumbani kwetu. Njia Nyeupe, galaksi yetu, nayo ina ufito, na kitovuni ina gesi tele iliyosongamana, ilhali nyota zinazozaliwa pale ni chache kuliko gesi hiyo inavyostahili. Wanaoutetea ufito waanze kunijibu hapo.