Risasi: uzito wa chubwi, vumbi la betri

Mvuvi wa Likoni anapofunga chubwi, yaani kizito cha kuzamisha ndoana, kwenye mshipi, anaitegemea metali ya risasi kwa sifa yake kubwa: uzito. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3, chuma ina 7.9 tu. Kipande kidogo huzama upesi, na mkondo hauupeleki mshipi mbali. Tena ni laini, ukucha huiparua, na huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa hulifikia. Urahisi huo ndio faida yake, na ndio mtego wake.

Ardhini hupatikana zaidi ikiwa galena, yaani risasi iliyoungana na salfa: jiwe zito lenye vipande vya mraba vinavyong'aa, ambalo likiwa safi lina risasi asilimia 86.6. Huachwa na maji ya moto yenye madini yapitayo kwenye nyufa za miamba. Si lazima twende mbali kuliona, maana Vitengeni, Kaunti ya Kilifi, limo. Hata hivyo, risasi nyingi inayotumika duniani sasa haitoki mgodini bali kwenye betri kuukuu.

Wanaoitetea risasi wana hoja nzito. Betri ya gari ya volti 12, yenye seli 6, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na hiyo huyeyushwa na kutumika tena na tena bila kupungua ubora. Bei yake mafundi wengi wanaimudu, na kwa kuwasha injini hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Kwenye vyumba vya eksrei, aproni ya risasi humkinga mhudumu.

Shida huanza betri inapovunjwa uani ili mtu apate risasi ya chubwi. Mabamba yake ni wavu wa risasi uliopakwa uji mkavu wa oksidi na salfeti, yaani risasi iliyoungana na oksijeni na salfa. Kwenye sufuria wavu huyeyuka, uji hauyeyuki. Kuutoa risasi kunahitaji tanuru la nyuzi 1,000 hivi pamoja na makaa. Basi huenguliwa kama povu na kumwagwa chini. Humo ndimo ilimobaki karibu nusu ya risasi yote ya betri ile, sasa ikiwa unga. Na bamba likiwa na unyevu, maji hugeuka mvuke ghafla, risasi ya moto ikaruka usoni.

Kuku huchakura pale, mtoto hutambaa pale, kisha kidole huenda kinywani. Mtu mzima hufyonza kama sehemu moja kwa kumi ya risasi anayomeza. Mtoto mdogo hufikia nusu. Mwili huidhania kalisi (kalsiamu) na kuihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Tena huathiri akili inayokua, na hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto.

Mombasa tumeona hili kwa ukubwa wake. Mtaani Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kilipakana na nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha baada ya Mahakama ya Rufaa kuitengua.

Wapo wanaosema viwanda hivi vipigwe marufuku kabisa. Nadhani hilo lingewapeleka wauza vyuma chakavu kwenye sufuria za uani, ambako hakuna kichujio wala mkaguzi. Kiwanda kiwepo, lakini mbali na makazi: tanuru lifunikwe, moshi upite kwenye vichujio vya mifuko, damu ya wafanyakazi ipimwe mara kwa mara, na nguo za kazi zisipelekwe nyumbani.

Betri iuzwe nzima na asidi yake. Mnunuzi anayetaka iliyokaushwa anamfanya muuzaji aimwage mtaroni, na asidi hiyo huondoka na chembe za risasi. Kwa mvuvi, chubwi asibane kwa meno, na anawe kwa sabuni kabla ya kula. Palipowahi kuvunjwa betri, sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu huliinua vumbi hadi puani.