Mlingoti wa redio ya dharura mwaloni: tusishindane urefu, tuangalie unasimamaje

Niseme mapema nilipo kwenye hii hoja. Kikundi cha mwaloni, yaani pale ufukweni wavuvi wanapotia nanga na kushusha samaki, kikipata hela ya kununua mlingoti wa antena kwa ajili ya mawasiliano ya dharura, kisikimbilie ule mrefu kuliko yote iliyopo dukani, kinunue ule ambao watu wawili wanaweza kuusimamisha usiku wakati upepo unavuma, kwenye mawe au kwenye mchanga, ndani ya dakika kumi. Mita nane mpaka kumi zinatosha sehemu nyingi za kwetu. Najua kuna wadau hawatakubali maana kwenye vikao nasikia sana habari za mita 15 na mita 18, ila naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Kwanza kwa nini nalibeba hili jambo kwa uzito. Sisi wa Mwanza ziwa tunalijua, MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa inakaribia gati pale Ukara, halafu tarehe 6 Novemba 2022 ndege ikaangukia ziwani kule Bukoba na waliofika kwanza kuokoa watu walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Sisemi kwamba mlingoti ungezuia hata moja ya hizo ajali, hapana. Ninachosema ni kwamba zile saa za kwanza mara nyingi zipo mikononi mwa watu wa mwaloni, na watu wa mwaloni wakitegemea simu peke yake wanakwama, ukitoka mbali kidogo mtandao unapotea, na hata ukiwepo kila mtu anapiga kwa wakati mmoja na laini zinajaa. Redio ya VHF, ile ya upepo ya masafa ya karibu, inasaidia hapo kwa sababu ukibonyeza ukaongea mara moja wanakusikia wote walioko kwenye chaneli. Ila redio hiyohiyo antena yake ikiwa chini nyuma ya banda la dagaa au nyuma ya yale majabali yetu, haisikii kitu.

Sasa urefu. Mawimbi ya VHF yanasafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia imepinda, kwa hiyo hata ziwa likiwa shwari halina kisiwa mbele yako, maji yenyewe yanaziba. Hesabu yake sio ngumu: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Fanya hivyo kwa antena ya nchi kavu na ya mtumbwini kisha jumlisha. Mtu aliyeko mtumbwini na redio ya mkononi, tuseme antena yake iko mita 2 juu ya maji, anapata kilomita 5.8 upande wake. Ukiwa na mlingoti wa mita 10 hapo ufukweni unaongeza 13, jumla kama 19. Sawa, sasa fanya mlingoti uwe mita 20, yaani mara mbili yake, na gharama ni zaidi ya mara mbili na uzito usiseme, unapata kilomita 24 tu. Kilomita tano za ziada, na umenunua kitu ambacho kinahitaji watu watano au sita kukisimamisha na mchana kweupe.

Halafu angalia Mungu alichotupa bure. Mji wetu umejaa vilima vya mawe mpaka unaitwa jiji la miamba, na mialo mingi kuanzia huku mjini mpaka Igombe na Kayenze ina mwinuko wowote ule wa karibu. Antena ikikaa mita 100 juu ya maji hesabu ileile inakupa kilomita 41 upande wako, ukijumlisha na mtumbwi ni karibu 47, na hapo umetumia mlingoti wa mita tano sita tu wa kuinua antena juu ya miti na paa. Ni kweli kilima kingine au kisiwa kikikaa katikati kinakata mawimbi, ndio maana inabidi kuzunguka na redio mbili kupima sehemu mapema kabla ya dharura. Ila hakuna mlingoti wa kubebeka utakaokupa mita 100. Kwa hiyo swali la kwanza la kununua mlingoti kiukweli ni tutausimamisha wapi, na jibu likiwa juu ya mwamba basi unatakiwa mlingoti unaobebeka mgongoni au kwenye boda, ukifungwa usizidi mita moja na nusu hivi, la sivyo hamtapanda nao usiku.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwenye kuushikilia, kwa sababu naona watu wanalipa hela yote kwenye bomba halafu kamba na vigingi wanasema tutaona hukohuko. Mlingoti hausimami kwa ubora wa bomba, unasimama kwa kamba. Ni pande tatu zilizogawanywa sawasawa kuzunguka shina, na kigingi kikae mbali na shina angalau kama nusu ya kimo ambacho kamba imefungwa, na ukiwa na nafasi nenda mpaka theluthi mbili au zaidi. Mlingoti wa mita 10 ufunge ngazi mbili, moja katikati na moja karibu na juu, usiache juu kunaning'inia kwa sababu nguvu ya upepo inaongezeka haraka kuliko unavyodhani, upepo ukiwa na kasi mara mbili nguvu yake inakuwa mara nne. Na upepo wa ziwani hautoi taarifa, dakika hii shwari dakika ijayo mabati yanapiga kelele.

Vile vigingi vidogo vinavyokuja na mlingoti kwenye boksi vimetengenezwa kwa ajili ya nyasi laini za watu wengine. Kwetu kuna ardhi za aina tatu na hakuna hata moja inayovipenda. Kwenye udongo mgumu kata nondo za milimita 16, urefu wa kama sentimita 80, zigongwe zikiwa zimelala kuelekea nje ya mlingoti, na juu kunja kichwa ili kamba isichomoke. Kwenye mchanga wa mwaloni nondo inachomoka ukiivuta kwa mkono, usijidanganye, pale unachukua salfeti, unajaza mchanga nusu, unafunga mdomo vizuri na kamba, unachimba shimo la nusu mita, unalifukia salfeti kwa kulilaza, na kamba inatoka pembeni kuelekea mlingoti. Ukipata gogo fupi ukalifukia kwa kulikingamisha nalo linashika sana. Na kwenye mwamba wenyewe hamna kugonga chochote, unazungusha mkanda au kamba nene kwenye jiwe kubwa ambalo halitikisiki, na pale kamba inapogusa kona ya jiwe unaivalisha kipande cha mpira wa maji, maana granite inakata kamba polepole huku unaangalia pembeni.

Kamba zenyewe: nailoni ipo kila kibanda hapa kwa sababu ya uvuvi, ni imara ila inavutika, na ikilowa inavutika zaidi, asubuhi unakuta mlingoti umeinama. Ile ya plastiki ya rangi rangi inaharibiwa na jua, baada ya muda inaanza kutoa unga ukiishika, hiyo isikae kwenye kazi ya kuokoa watu. Tafuta ya polista, milimita 4 mpaka 6, haivutiki sana na inavumilia jua. Na zifungwe vitambaa vyeupe au vya njano kila baada ya hatua moja, maana mwaloni usiku watu wanapita na ndoo, na samaki, na watoto wanakimbia, mtu akijikwaa kwenye kamba ameumia yeye na mlingoti umekuja chini.

Nikija kwenye aina za milingoti nitapita haraka kidogo. Bomba la chuma la maji, lile linalouzwa la mita sita, la inchi moja na nusu linapita kilo 20 bado hujafunga antena, hilo ni la kujengea nyumbani kwa kudumu, sio la dharura. Mirunda ni rahisi na imenyooka ila nayo ni mizito na hauipandishi kwenye Noah. Mianzi naiheshimu sana, ni mepesi haipitishi umeme ikiwa mikavu na bei yake kila mwalo unaiweza, ila inapasuka ikikaa juani na haikunjiki, kwa hiyo mianzi miwili ikae pale mwaloni kama akiba, sio kama chaguo la kwanza. Alumini inayochomoka bomba ndani ya bomba ni nyepesi na imara, tatizo lake kwa hapa ni mchanga, ukiingia kwenye maungio inagoma kufunguka au kufunga, inabidi kuifuta kila mara na kuihifadhi kwenye mfuko. Fibaglasi ndio ninayoipendelea mimi, haipitishi umeme kwa hiyo hata waya wa antena ukipita ubavuni hauna shida, haili kutu, lakini kuna fibaglasi nyembamba kama fimbo za kuvulia ambayo inabeba waya mmoja tu wa antena, ukiweka juu yake antena yenye uzito inapinda. Uliza unene wa kile kipande cha juu kabisa kabla ya kulipa, na uliza inabeba kilo ngapi ikiwa imechomolewa yote. Halafu mwulize muuzaji kama ni fibaglasi kweli au ina kaboni ndani, maana kaboni inapitisha umeme na itakuvuruga antena ya waya. Kuna pia ile ya vipande vya mita 1.2 hivi vya kuunganisha kimoja kimoja aina ya kijeshi, nzuri sana kwa kubebeka na kipande kikivunjika unabadilisha hicho tu, ila kusimamisha inataka watu waliozoea.

Kitu kingine ambacho watu wa mlingoti mrefu hawakigusi ni waya, ule unaotoka kwenye redio mpaka kwenye antena. Ukipandisha antena juu waya nao unarefuka, na waya unakula nguvu. Ule mwembamba wa RG-58 ambao ndio mafundi wengi wanakuwekea, kwenye VHF mita 15 zake zinameza karibu nusu ya nguvu ya redio yako, na sauti dhaifu ya mtu aliyeko ziwani inapungua vilevile kabla haijafika kwenye spika. RG-213, ambao ni mnene, kwa urefu uleule inapoteza chini ya nusu ya hiyo hasara ukiipima kwa desibeli, kipimo cha mafundi cha nguvu inayopotea, lakini ni nzito na inataka mlingoti imara. Kwa hiyo unaona mambo yanavyofungana, mlingoti mfupi uliokaa juu ya jiwe na waya mfupi mnene unashinda mlingoti mrefu wenye waya mwembamba, na hela ni pungufu.

Radi sasa, na hapa naomba tusifanye mzaha. Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yanayopigwa radi zaidi duniani, na dhoruba nyingi za katikati ya ziwa zinakuja usiku mpaka alfajiri, muda uleule ambao wavuvi wa dagaa wapo majini na nyie mnataka kuwasikia. Mlingoti wa dharura lazima uweze kushuka haraka. Ukiona mwanga ukahesabu na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, chomoa waya kwenye redio, utupe nje mbali na watu, na kama kuna nafasi ya kushusha shusheni, kama haipo ondokeni pale, msiushike. Ndani endeleeni na redio ya mkononi, itasikia karibu tu lakini mtu atabaki hai wa kuongea. Na nyaya za TANESCO, kabla hamjainua chochote tazameni juu, mlingoti ukae mbali na nyaya angalau mara mbili ya urefu wake ili hata ukianguka usifike.

Wanaotaka kuongea na Bukoba au Musoma moja kwa moja, VHF ya mlingoti wa kubebeka isiwape matumaini, Bukoba ni kama kilomita 180 kwa mstari ulionyooka. Hiyo ni kazi ya HF, redio ya masafa ya mbali, na habari njema ni kwamba kwa umbali huo antena haitaki kwenda juu sana. Waya wa mita 20 uliokatwa katikati kwa ajili ya megahezi 7, kitovu chake kikiwa juu ya mlingoti huohuo wa mita nane na ncha zikishuka pande mbili, mchana unapeleka mawimbi juu karibu wima na yanarudi chini mkoa mzima na mikoa jirani. Mlingoti mmoja kazi mbili. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mfuatilie mapema, na kwenye VHF chaneli 16 ya kuitia msaada majini, ambayo ni megahezi 156.8, iheshimiwe, sio ya salamu.

Kwa hiyo mimi kama ningepewa hela ya BMU moja (kikundi cha usimamizi wa mwalo) leo ningegawa hivi: fibaglasi nene ya mita nane au kumi iwe sehemu ndogo kuliko mnavyofikiri, kinachobaki kiende kwenye kamba za polista, nondo, salfeti, waya mnene, na nauli na chai ya vijana wanne wa kufanya mazoezi ya kuusimamisha na kuushusha, hasa jioni upepo ukianza na usiku. Na ukishanunuliwa usifungiwe ofisini mjini ufunguo ukiwa na mtu mmoja ambaye siku ya tukio yupo Sengerema msibani. Ukae palepale mwaloni, mahali pakavu, ufunguo wawe nao wawili wanaolala karibu na maji, na mama wa mgahawa anayefungua saa kumi alfajiri ajue wanapolala.