Kozi ni ya Mtoto, Karo ni ya Nyumba

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatoka na KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi kozi vyuoni, ikafungua maombi, saiba za Kayole hapa Nairobi hujaa. Msimu uliopita nilikuwa kwenye moja, nikingoja kuchapisha karatasi zangu, na mbele yangu alikaa mama na kijana wake. Mama alishika kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. Shemeji yake anayefanya kazi hospitalini alikuwa amemwandikia kozi tatu: udaktari, famasia, uuguzi. Mhudumu alipomuuliza kijana, "Tuanze na gani?" aliyejibu ni mama. "Anza na hiyo ya juu." Kijana aliendelea kuangalia kibodi. Haikufika robo saa, wakalipa, wakatoka.

Wapo watakaomlaumu yule mama. Mimi naona ana hoja, tena nzito. Katika nyumba nyingi za huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, mtoto wa kwanza kuingia chuo anasomeshwa kwa mkopo wa chama au kwa ng'ombe aliyeuzwa nyumbani mashambani, na nyuma yake kuna wadogo wanaomngojea awavute. Mzazi akisema "chagua kitu chenye kazi", anazungumzia karo ya mtoto wa tatu. Isitoshe, ushauri wa "jaribu hiki, jaribu kile" umetoka Marekani, ambako mwanafunzi anaweza kukaa chuoni mwaka mmoja au miwili kabla ya kutaja fani yake. Kwetu unaingia chuo kikuu ukiwa tayari una kozi. Kuhama kunawezekana, lakini dirisha lake ni fupi na nafasi ni chache. Kijana wa miaka 18 akikosea, kosa hilo lina gharama.

Shida ni kwamba ile karatasi ya shemeji imepitwa na wakati. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya mambo makubwa yaliyobishaniwa ni malipo ya madaktari wanaofanya mafunzo kazini: mkataba wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Wengine walikuwa wamehitimu na bado wakikaa nyumbani kungoja kutumwa hospitalini. Ualimu nao, uliokuwa kimbilio la uhakika, umejaa vijana wenye digrii waliofundisha sekondari msingi kwa mkataba wa mafunzo wa shilingi 20,000 kwa mwezi. Sisemi kozi hizo ni mbaya. Nasema uhakika tuliokuwa tukiwauzia watoto haupo tena, na ukimlazimisha mtoto aache anachokipenda kwa ajili ya uhakika ambao haupo, umemnyang'anya vyote viwili.

Je, basi mzazi anyamaze? La. Hapo ndipo nisipokubaliana na wanaosema mtoto aachwe afuate moyo wake. Kunyamaza kunakoumiza zaidi ni kunyamaza kuhusu pesa. Udaktari ni miaka 6, uhandisi 5, sheria 4 kisha Kenya School of Law kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, karo hutegemea gharama ya kozi, nayo hugawanywa kati ya ruzuku ya serikali, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mchango wa familia. Mtoto anahitaji kuambiwa mezani, kwa tarakimu: nyumba hii inaweza kutoa kiasi hiki kila muhula, mpaka mwaka huu. Wazazi wengi huona aibu kulisema, kisha mtoto huligundua mwaka wa pili, anapozuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya salio la karo.

Na kuna kazi ya miguu ambayo mzazi huifanya vizuri kuliko mtoto. Ikiwa ni uhandisi, aulize kama kozi hiyo, katika chuo hichohicho, imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi, maana digrii isiyotambuliwa haimpi kijana usajili. Amtafute mtu wa kanisani, msikitini au chamani anayeifanya kazi hiyo kila siku, akae na kijana saa mbili bila mzazi kuwepo. Yule shemeji angefaa sana kwa hilo, kama angemwalika mpwa wake wodini badala ya kutuma karatasi.

Yakishafanyika hayo, kidole kinachobonyeza kiwe cha mtoto, hata akichagua sanaa na roho ya mzazi ikashtuka. Yeye ndiye atakayeamka saa kumi alfajiri kupanda matatu ya kwenda chuoni Juja.

Wazazi wenye watoto wadogo hawana muda mrefu wa kujiandaa. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaingia sekondari ya juu wakiwa wameshachagua mkondo: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Spoti. Wengi wao wana miaka 15, na kijikaratasi cha shemeji kinawafikia mapema zaidi.