Kutokuwa na kiongozi kulitufaa Juni, kukatuangusha Julai

Mchana wa tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa miongoni mwa watu waliofurika katika barabara ya Moi Avenue mjini Mombasa kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo na ushuru wake mpya, na ninachokikumbuka kuliko vingine vyote ni msichana aliyeniomba kalamu ili ajiandikie mkononi namba ya simu ya wakili. Aliiandika polepole, tarakimu moja moja, akaipulizia wino ukauke, akanirudishia kalamu na kuinua tena bendera yake. Sikumjua jina, wala yeye hakuniuliza langu, na saa ile tuliona fahari kwamba hapakuwa na haja ya kujuana. Hatuna kiongozi, hatuna kabila, hatuna chama: hayo ndiyo maneno tuliyokuwa tukiyaimba tangu wiki iliyotangulia, baina ya wimbo wa taifa na ule wito wa kumtaka Zakayo ashuke, jina la mtoza ushuru wa Biblia tulilompa Rais.

Alasiri hiyo wabunge walikuwa wameupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wa Nairobi wakaingia ndani ya majengo ya Bunge, na polisi wakawafyatulia risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Katika maisha yangu sijaona wananchi wa kawaida wakiilazimisha serikali ya Kenya kurudi nyuma kwa haraka namna ile, na sitaki mtu yeyote asome makala haya akadhani ninaibeza siku hiyo au ninawasahau waliokufa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huo. Ni kwa sababu yao ninaandika. Naamini kwamba ile kanuni ya kutokuwa na kiongozi, iliyotulinda kwa wiki mbili, tuliigeuza kuwa imani isiyohojiwa, na tangu hapo imekuwa ikiwafanyia kazi wale wale tulioandamana kuwapinga.

Kanuni yenyewe haikuzuka hewani, na anayeikosoa sharti kwanza akiri ilikotoka. Wazazi wetu walikuwa na viongozi. Mnamo Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, wanasiasa waliodai mfumo wa vyama vingi, waliitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi, wakatiwa kizuizini kabla ya siku yenyewe, Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai, kufika. Mwaka uliofuata vuguvugu la upinzani la FORD likaundwa, na Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kikafutwa. Kisha waasisi wa FORD wakagombana juu ya nani awe mgombea, chama kikapasuka kikawa FORD-Kenya na FORD-Asili, na Desemba 1992 Rais Daniel arap Moi akashinda uchaguzi kwa takriban asilimia 36 ya kura. Kizazi changu nacho kilimwona kiongozi wa upinzani Raila Odinga akishikana mkono na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya Rais, tarehe 9 Machi 2018, miezi michache tu baada ya vijana kuuawa mitaani kwa sababu ya uchaguzi uliozozaniwa. Mtu aliyelelewa katika historia hiyo akisema kwamba kiongozi ni mlango ambao serikali hupitia na bahasha, hasemi upuuzi.

Kuna pia hofu ya miili yetu. Kufikia Desemba 2024 ile tume ya haki za kibinadamu ilikuwa imerekodi visa 82 vya utekaji nyara tangu maandamano yaanze. Aliyejulikana kwa jina ndiye aliyefuatwa nyumbani usiku na watu waliofunika nyuso. Kwa hiyo ninaposema kwamba tulihitaji watu wa kutusemea, najua vizuri ninawaomba wenzangu jambo gani.

Lakini tazama yaliyotokea katika siku arubaini na tatu baada ya mswada kuanguka. Tarehe 5 Julai Rais alizungumza na vijana mtandaoni kwa saa kadhaa. Wakamwambia ukweli usoni bila woga, kisha kila mmoja akazima simu, na hapakuwa na yeyote kati yao aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia, kwa niaba ya wengine, sharti letu la kwanza ni hili na tunakupa hadi siku fulani. Tarehe 9 Julai, katika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, Ruto na Raila wakatangaza kongamano la mazungumzo la watu 150. Vijana wakalikataa, nami nililikataa pamoja nao. Tarehe 11 Julai baraza la mawaziri likavunjwa, tukashangilia tukidhani tumeshinda tena. Tarehe 24 Julai yakatangazwa majina ya John Mbadi, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Opiyo Wandayi, wote kutoka ODM, chama cha Raila ambacho wabunge wake wengi walikuwa wameupinga mswada ule, na Mbadi akapewa Hazina Kuu, wizara ile ile ulikotoka mswada huo. Tarehe 8 Agosti, siku tuliyoiita Nane Nane, polisi walifunga barabara za Nairobi na kuwarushia waandamanaji mabomu ya machozi, na siku hiyo hiyo mawaziri wapya wakaapishwa Ikulu.

Nimeirejea kalenda hiyo mara nyingi. Kiti tulichokataa kukikalia hakikubaki kitupu, bali kilikaliwa na watu waliokuwa na chama, ofisi, makatibu na wajumbe, yaani watu wanaoweza kupigiwa simu na kutoa jibu. Damu ilikuwa ya vijana wasio na chama, na wizara zikaenda kwa chama. Desemba mwaka huo, baadhi ya mapendekezo ya mswada ulioanguka yakarudi katika Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru. Rais akaitia saini, nasi tulikuwa tumetawanyika.

Watetezi wa kanuni hii husema kwamba harakati isiyo na kiongozi haiwezi kununuliwa. Ni kweli kwamba haiwezi kuuzwa yote kwa siku moja, lakini yaweza kuuzwa kidogo kidogo na mtu yeyote, kwa sababu hakuna anayeweza kusimama na kusema kwamba huyu aliyekwenda Ikulu hakutumwa nasi. Tena si kweli kwamba hatukuwa na viongozi. Mwenye wafuasi laki tano mtandaoni aliamua tarehe ya maandamano, njia ya kupita, na nani aitwe msaliti. Sisi wengine tulifuata. Huo ni uongozi kamili, ila hatukuuchagua, haukuwa na muda wa kumalizika, haukuandika kumbukumbu za mkutano, na ulipokosea hapakuwa na mahali pa kuupeleka. Kukataa kuchagua viongozi kulituachia viongozi ambao hatungeweza kuwaondoa.

Neno msaliti linahitaji kutazamwa peke yake, maana nadhani ndilo lililotuumiza zaidi. Lilianza kama ngao dhidi ya wanasiasa, kisha likageuzwa dhidi ya kila aliyejaribu kazi yenye utaratibu. Aliyechangisha fedha za matibabu ya majeruhi alidaiwa hesabu kwa matusi hata alipokuwa ameitoa. Faith Odhiambo, aliyekuwa wakati huo rais wa Chama cha Wanasheria, ambaye mawakili wake walikesha katika vituo vya polisi wakiwatetea waliokamatwa, alipokubali mwaka 2025 kuwa naibu mwenyekiti wa jopo lililoundwa na Rais la fidia kwa waathiriwa wa maandamano, alishambuliwa hadi akajiuzulu Oktoba. Jopo hilo lilikuwa na dosari zake, na mahakama ilikuwa imelisimamisha; mtu angeweza kumshauri asilikubali na bado akamheshimu. Ila kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akitazama alijifunza kwamba aliye salama ni yule anayebaki akipiga kelele pembeni, na anayeketi mezani ajiandae kuchomwa moto na wenzake. Vuguvugu linalowafunza watu wake hivyo litawezaje kupata mtu wa kuandika hoja, kufungua kesi, au kugombea kiti?

Kumbuka pia kwamba Juni 2024 tulikuwa na dai moja. Kila mtu, kuanzia mama muuza mboga hadi mwanafunzi wa chuo kikuu, alilijua: mkatae mswada, na wanaopiga kura ni wabunge hawa, namba zao za simu hizi hapa, muwasalimie. Watu waliufasiri mswada kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kifungu kwa kifungu, ushuru wa mkate na ushuru wa magari. Baada ya ushindi, madai yakaongezeka kila asubuhi: wabunge wafutwe, baraza livunjwe, Rais ajiuzulu, madeni ya nchi yakaguliwe, waliouawa wapate haki. Yote yalikuwa ya haki. Lakini ili madai matano yawe moja linaloweza kushinda, lazima watu wakae, wabishane, wapige kura, na walioshindwa wakubali; nasi tulikuwa tumeapa kutokuwa na kikao cha namna hiyo.

Mwaka 2025 ulionyesha gharama yake wazi kuliko maneno yangu. Mwalimu Albert Ojwang alikufa akiwa mikononi mwa polisi mwezi Juni, na nchi ikachemka tena. Tarehe 25 Juni watu wakatoka kuadhimisha mwaka mmoja. Wengine wakauawa, na maduka yakavunjwa na kuporwa. Tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, wakafa watu wasiopungua 31 katika maandamano. Waliofyatua risasi ndio wenye hatia ya mauaji hayo, na sitaki kulipunguza hilo hata kidogo. Lakini wahuni walipojichanganya nasi, baadhi yao wakiwa wamekodiwa, hatukuwa na walinzi wa msafara, hatukuwa na mtu wa kutangaza kwamba maandamano yamekwisha saa tisa na kila aliyebaki si wetu, na hatukuwa na sauti moja ya kumwendea mwenye duka la simu aliyepoteza mtaji wake wote tukamwomba radhi. Na tarehe 26 Juni, siku moja baada ya maadhimisho yale, Rais akautia saini Mswada wa Fedha wa 2025. Kipengele kimoja kilichong'olewa humo kabla ya kupitishwa, kile ambacho kingeiruhusu Mamlaka ya Ushuru kuingia katika data za siri za wafanyabiashara na wateja wao, kiling'olewa katika kamati ya Bunge, ambako watu na mashirika yenye majina yao walikuwa wamepeleka pingamizi kwa maandishi.

Mimi mwenyewe nimeshiriki kosa hili. Mwishoni mwa Agosti 2024 tulikutana watu kumi na tisa mtaani Kisauni, Mombasa, katika chumba cha nyuma cha duka la rafiki yetu, chai ya rangi kwenye vikombe vya plastiki na sahani ya mahamri katikati ya mkeka. Tulizungumza kwa saa tatu, na mazungumzo yalikuwa mazuri kiasi cha kutoa machozi. Kisha dada mmoja akatoa daftari, akauliza nani ataandika majina na tukutane tena lini. Pakawa kimya. Mmoja akasema kuandika majina ni hatari. Mwingine akasema tukiweka mwenyekiti tumekuwa chama. Nami nilisema, nakumbuka maneno yangu, kwamba nguvu yetu ni kutokuwa na sura. Dada yule akalirudisha daftari kwenye mkoba. Hatukukutana tena kwa zaidi ya mwaka mzima.

Katika mwaka huo, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilikaa bila makamishna hadi Julai 2025, na uandikishaji wa wapiga kura ulipofunguliwa upya mwishoni mwa Septemba, nilimpeleka jirani yangu wa miaka kumi na tisa kwenye ofisi ya tume ya eneo bunge letu. Karani aliweka vidole vya kijana huyo juu ya mashine kimoja baada ya kingine, na vile vya mkono wa kulia vikakataa kusomeka, maana kijana anafanya kazi ya kufyatua matofali na ngozi imelika. Akamfutia kwa kitambaa chenye maji, akajaribu tena hadi ikakubali. Ilichukua dakika kama kumi. Viti vya kusubiria vilikuwa vitupu.

Mwaka 2022 Ruto alimshinda Raila kwa kura 233,211. Waliojiandikisha walikuwa milioni 22.1, na zaidi ya milioni 7 miongoni mwao hawakwenda vituoni. Kuna wadi 1,450 nchini, na katika wadi nyingi mtu huingia bunge la kaunti kwa kura elfu chache tu, idadi ambayo ni ndogo kuliko umati niliouona Moi Avenue. Anayetaka kuandikisha chama kipya anahitaji wanachama elfu moja walio wapiga kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hizo ni kazi za majina, daftari, nauli, na mtu anayekumbusha watu mkutano. Kelele za mtandaoni za kumtaka Rais awe wa muhula mmoja hazitafanya lolote kati ya hayo, na uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027.

Najibiwa kwamba wenye majina watatekwa. Ndiyo, hatari ipo, na ndiyo maana napendekeza majina mengi na vyeo vifupi: watu watano kwa kila wadi, wanaochaguliwa kwa miezi mitatu, wasioruhusiwa kuzungumza na serikali wakiwa chini ya watatu, na wanaotoa taarifa kwa waliowachagua kila wanaporudi. Mtu aliye peke yake hutekwa kwa urahisi zaidi kuliko aliye miongoni mwa wengi, maana hana wa kuuliza yuko wapi.

Dada mwenye daftari nilimtafuta mwishoni mwa 2025, nikamwomba msamaha. Tulikutana tena pale pale, mara hii watu kumi na wanne, naye akachaguliwa kuwa katibu kwa kunyanyua mikono. Vijana watatu waliondoka kabla ya kura kupigwa, wakisema tumeshaiuza harakati. Namba zao ninazo, na kila tunapokutana nawaandikia mahali na saa.