Kochi likiwa pembeni, spika zifuate nani?

Sebule nyingi za Kamalondo au Katuba, hapa Lubumbashi, zina mlango wa nje na mlango wa ndani, na njia kati yake haizibwi. Kochi husogezwa upande mmoja, mbali na katikati ya televisheni. Anayefunga spika tano na ya besi lazima aamue: zile mbili za pembeni, za kumzungushia msikilizaji sauti, zifuate chumba au zifuate kochi?

Kufuata chumba kuna maana. Spika zikilingana kulia na kushoto, hakuna anayependelewa, na kiti kikihamishwa hakiharibiki kitu.

Lakini mtazame aliyekaa kando ya ukuta. Spika ya kushoto iko nusu mita kutoka sikioni mwake, ya kulia mita 3. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo ile ya mbali huchelewa milisekunde 7. Mtafiti Mjerumani Helmut Haas alionyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1949 kwamba sikio hufuata sauti iliyotangulia. Tena, kwa hesabu ya mahali pa wazi, ya karibu inaizidi nyingine kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 hivi. Mvua ya filamu, iliyopaswa kumzunguka, inamnyeshea sikio moja.

Mimi nasema zifuate kochi. Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, huziweka digrii 100 hadi 120 kutoka mbele ya msikilizaji, na chumba hakitajwi hapo. Umbali unarekebishika: amplifaya yenye maikrofoni ya kupimia huichelewesha spika ya karibu na kuipunguza nguvu. Mwelekeo haurekebishiki kwa kitufe chochote. Spika iliyo mbele yako itabaki mbele yako.

Gharama huwaangukia wengine. Marekebisho hayo hulenga kichwa kimoja, na kwetu ni nadra mtu kutazama filamu peke yake. Binamu na majirani wakija, aliye karibu na spika ya kulia ataisikia kali mno. Hoja hii ni nzito, nami naipa uzito wake.

Ndiyo maana nashauri kuzipandisha. Zikiwa mita moja juu ya masikio, ya karibu inakuwa mita 1.1 kutoka kwa msikilizaji na ya mbali 3.2, pengo linashuka hadi desibeli 9 hivi. Kisha igeuze ile ya karibu ielekee kiti cha mbali, sauti impite juu ya kichwa aliye chini yake. Mwenye spika za darini za Dolby Atmos, mfumo unaoleta sauti kutoka juu pia, asifanye hivyo, kwani za pembeni zikipanda sana hazitofautiani tena na za juu.

Spika ya katikati haina mjadala: ikae chini ya skrini, ili maneno yatoke kwa anayesema hata kwa aliye pembeni kabisa. Na kochi likigusa ukuta wa nyuma, usinunue seti ya spika saba. Mbili za ziada huhitaji nafasi nyuma ya vichwa, na hapo nafasi hiyo haipo.