Sare iwe kitambaa, mshono tuachieni

Msimu wa harusi ukifika, kamati inatuma kwenye kundi la WhatsApp picha ya kitenge, bei yake na namba ya kulipia. Chini yake inafuata picha ya dada mwembamba wa Instagram, gauni limembana, peplamu, yaani kile kipande kinachoshonewa kiunoni na kutanukia nyongani, imemkaa vizuri, pamoja na tangazo kwamba huo ndio mshono wetu. Hakuna aliyeuliza nani mfupi, nani ana nyonga pana, nani amejifungua juzi. Sare naipenda kwa dhati. Ukoo mzima ukivaa kitambaa kimoja kwenye sendofu, hata mgeni anajua nani ni wa nani. Ninachopinga ni mshono mmoja kwa wanawake ishirini. Nguo inampendeza mtu kwa mistari yake, na mstari unaonipendeza mimi unaweza kumharibu shangazi yangu.

Watu wakisikia mistari wanafikiria ile iliyochapwa kwenye kitambaa. Lakini shingo ya gauni nayo ni mstari, kiuno ni mstari, na pale mkono wa nguo unapoishia pana mstari mwingine. Jicho la anayekutazama linafuata hiyo yote, linateleza au linasimama kufuatana na ulivyoshonewa.

Hata kuhusu hiyo ya kuchapwa, tunarithishana ushauri bila kuuchunguza. Mnene avae mistari ya kusimama, ya kulala inanenepesha: nani hajaambiwa hivyo? Mwanasayansi wa Kijerumani Hermann von Helmholtz aliandika kinyume chake mwaka 1867. Mraba uliojazwa mistari ya kulala, alisema, huonekana mrefu na mwembamba kuliko mraba wa ukubwa huohuo wenye mistari ya kusimama, na akataja magauni ya wanawake kuwa mfano. Mwaka 2011, Peter Thompson na Kyriaki Mikellidou wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha vipimo vyao: umbo la mistari ya kulala lilibidi lipanuliwe kwa asilimia 4.5 ndipo lionekane na upana sawa na lile la mistari ya kusimama. Walijaribu kwa mchoro wa mwanamke aliyevaa gauni, wakajaribu na picha za sanamu ya kuvalisha nguo. Matokeo yaliegemea upande wa Helmholtz.

Nafurahi kwamba utafiti huo umewaondolea wanene katazo moja. Ila sanamu haiketi wala haipumui. Gauni likikubana tumboni, mstari wa kulala unapinda kama upinde na kuonyesha palepale ulipotaka papite kimya. Wa kusimama nao unatanuka katikati. Kwa hiyo mimi nikiwa kwa fundi naangalia kwanza kama mistari itabaki imenyooka nikishavaa. Ikipinda, naomba aachie kidogo pembeni. Sentimita mbili tu zinaweza kuokoa gauni zima.

Mshono ninaoutetea popote ni wa prinsesi, ule unaotoka begani au kwapani, unapita juu ya kifua, unaingia kiunoni na kushuka mpaka chini. Unahusishwa na Charles Frederick Worth, mshonaji wa Paris wa miaka ya 1870. Faida yake ni kwamba unaligawa gauni katika vipande virefu vyembamba, na fundi anaweza kukupunguzia kiunoni bila kukubana kifua. Tatizo ni kitenge chetu chenyewe: maua yakiwa makubwa, mshono unapotea ndani yake na fundi amehangaika bure. Mwombe apitishe utepe mwembamba wa rangi moja kwenye mshono huo. Utaona mistari miwili imejitokeza kutoka juu hadi chini, na umbo limerefuka.

Peplamu ndiyo inayoniumiza roho zaidi. Kwa mwenye nyonga nyembamba inajaza pazuri. Kwa mwenye nyonga pana, ikikatwa iishie pale mwili ulipo mpana kuliko kote, inamchorea mstari wa kulala mahali hapo, na picha zote za harusi zitapiga kelele hapo. Ipandishwe au ishushwe. Mikono ya nguo ni hivyohivyo: ikiishia usawa wa kifua, inakipanua kifua; ikifika kwenye kiwiko, jicho linashuka hadi kiunoni. Pindo la chini nalo likiishia katikati ya shavu la mguu, mtu mfupi anazidi kufupishwa.

Wanaokata kitambaa mshazari, yaani kwa kukiinamisha badala ya kufuata nyuzi zake, kwa namna iliyompa sifa mshonaji Madeleine Vionnet huko Paris miaka ya 1920, wanapata gauni linalofuata mwili bila kuubana. Ni kazi nzuri, lakini inakula kitambaa, na kamati inayogawa yadi tatu tatu kwa kila mtu imeshakufungia mlango huo.

Khanga inatupa nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa pindo lake limekwishachorwa. Fundi mwenye jicho analisimamisha mbele ya gauni, kutoka shingoni hadi chini, badala ya kulizungusha nyongani kwa mazoea. Na lile ua kubwa la katikati ya mji, yaani sehemu ya ndani ya khanga iliyozungukwa na pindo, alipange kabla ya kushika mkasi, maana likiangukia tumboni halijifichi.

Najua kamati itasema picha zitaharibika kila mtu akija na lake. Sikubali. Watu thelathini wakisimama pamoja, jicho linaona rangi kwanza, na rangi ni moja. Kitambaa kiwe kimoja, kilemba kiwe kimoja, kigawiwe mwezi mmoja kabla ili mafundi wasishone usiku wa kuamkia sherehe, na mwenye mwili mkubwa aruhusiwe kununua yadi ya nyongeza bila kuonekana msumbufu. Na kama kamati imeshikilia mshono wake kabisa, basi ituachie urefu tu: kila mwanamke achague mwenyewe mikono yake iishie wapi, peplamu yake iishie wapi, na pindo la gauni lake liishie wapi.