Babu, Unapukutika

Sisi tunaokusanya nguo rasmi za kiume za kale tuna kanuni moja: nguo ikishapita miaka mia haivaliwi, inalazwa. Kanuni hiyo nimewahubiria watu wengi, wengi wao bila kuniuliza. Koti la kale, huwa nawaambia, ni kama mzee sana. Mwamkie, mketishe, usimwombe acheze dansi.

Koti lililonivunjisha kanuni hiyo ni la mkia, jeusi, la sufu nzito. Ndani ya mfuko wa kifuani fundi ameshona lebo, na kwa wino akaandika jina la mteja na mwaka: 1909. Mafundi wakubwa walikuwa na desturi hiyo, na ndiyo maana watu wa aina yangu tukiona koti lolote tunaingiza mkono mfukoni kabla hata ya kusalimia. Mbele limekatwa usawa wa kiuno, nyuma mikia miwili inateremka hadi magotini, umbo lililotokana na makoti ya wapanda farasi. Vifungo vya mbele ni pambo tu. Halifungwi hata ukitaka.

Siku nilipolileta nyumbani mke wangu alilizunguka mara mbili.

"Hapa mbele limeliwa na nondo?"

Nikamweleza kwamba ndivyo lilivyokatwa.

"Na aliyelikata alilipwa?"

Basi mpwa wangu akaolewa, na mimi mjomba nikapewa dakika tano za kutoa nasaha kwenye tafrija. Tafrija ilianza saa moja usiku. Hapo ndipo shetani aliponipata, kwa sababu koti la mkia ni vazi la jioni; ukilivaa kabla ya saa kumi na mbili, wajuzi wanakuona mhudumu. Saa moja usiku! Niliona kama koti limealikwa kwa jina.

Kuvaa kulichukua saa nzima. Suruali za enzi hizo hazina zipu, maana zipu zilianza kuzoeleka kwenye suruali za kiume miaka ya 1930. Kuna safu ya vifungo, na mkanda hauna pa kupita, suruali inaning'inia kwa kanda za mabegani. Shati limetiwa wanga kifuani mpaka ukiligonga linaitika. Halafu kola. Kola ni kitu cha peke yake, kimekaushwa kwa wanga kama ubao, kinabanwa shatini kwa vifungo viwili vya kupachika, kimoja kooni na kingine kisogoni. Cha kisogoni kilinidumbukia mgongoni mara tatu. Mara ya nne mke wangu alikipachika bila kusema neno, na nilipotaka kumshukuru nikagundua siwezi kugeuza shingo. Wala kuinamisha kichwa. Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa kutazama mbele tu.

Mwenye koti alikuwa mwembamba. Mimi pia ni mwembamba, ilimradi nisitoe pumzi.

Sasa niseme habari ya bitana, maana kesi yote iko hapo. Koti hili lilikuwa na bitana ya hariri nyeusi. Zamani hariri iliuzwa kwa uzani, na hariri mbichi ikioshwa kuondoa utomvu wake, uzani hupungua kama robo. Wenye viwanda hawakuipenda hasara hiyo, wakawa wanaichovya kwenye chumvi za madini, hasa za bati, mpaka uzani urudi na hata kuzidi. Mnunuzi alipata kitambaa kizito chenye mchakarisho mtamu. Ila madini yale huila hariri polepole kutoka ndani, na baada ya miaka mingi inakatika kama jani kavu. Haya yote nilikuwa nayajua. Nimeyafundisha! Jioni ile niliimulika bitana kwa tochi, nikaikuta inang'aa, nikaipasisha.

Mlangoni dada yangu alinikumbatia. Nikasikia "chrrr". Nikadhani ni gauni lake.

Nikaingia ukumbini. Nikapeana mikono na ukoo mzima, nikamwinamia bibi harusi nikambusu kwenye paji la uso, nikapita kati ya meza kifua mbele, macho juu, kwa sababu kola haikunipa njia nyingine. Watu walikuwa wakinipisha na kutazama chini nilipopita. Nilichukulia kwamba ni heshima. Nyuma yangu nilihisi kuna mtoto ananifuata hatua kwa hatua, mjukuu wa dada yangu, wa miaka mitano. Hiyo nayo nikaichukulia kuwa ni heshima.

Nikapewa kipaza sauti. Nikaanza na uvumilivu katika ndoa. Nilipofika kwenye "vitu vizuri ni vile vinavyodumu", nikainua mkono juu kukazia, na bitana ikatoa mchakarisho ambao safari hii hakukuwa na gauni la kulisingizia. Yule mtoto akaja mbele yangu, viganja viwili vimejaa vipande vyeusi, akaviinua hadi usawa wa kipaza sauti.

"Babu," akasema, na ukumbi wote ukasikia, "unapukutika."

Nilitaka kutazama chini. Kola ikakataa. Kwa hiyo nikainama kuanzia nyongani, mzimamzima kama mlango unaoanguka, na mshono wa nyuma wa suruali, ambao uzi wake ulikuwa umemzidi bibi yangu umri, ukasema neno lake. Kipaza sauti kikalinukuu.

Hapo ndipo nilipoelewa mikia ya koti ni ya nini. Farasi ni hadithi. Shida ni kwamba mikia ni miwili, na mpasuko kati yake umekaa palepale ulipo mshono. Nikampa mtoto kipaza sauti anishikie, nikapeleka mikono yote miwili nyuma, nikaikutanisha mikia, nikaendelea na uvumilivu. Nasaha zilizobaki nilizitoa nimesimama hivyo, wima, mikono nyuma, macho kwenye taa za darini. Wazee wawili waliniambia baadaye kwamba hawajaona mtu anayehutubia kwa utulivu kama ule. Mke wangu hakusema kitu. Alikuja akasimama nyuma yangu, karibu kabisa, tukatoka ukumbini tumefuatana kama mabehewa.

Koti sasa limelazwa sandukuni, katika karatasi isiyo na asidi, bila kuning'inizwa kwenye hanga, maana uzito wake wenyewe ungeyachana mabega. Sufu ni nzima kabisa. Wiki mbili baada ya harusi mpwa wangu alinipigia simu kwamba wamekuta vipande vingine ndani ya shela.

Vile vya ukumbini nilivihitaji. Mkusanyaji hatupi kitu, na hata kipande cha ukubwa wa ukucha humsaidia mtu wa kukarabati kujua rangi na ufumaji wa asili. Nikaenda kwa dada yangu kuvidai. Mtoto alikuwa ameviweka ndani ya chupa ya kioo, na chupa ameiweka juu ya kabati. Nilipoinua mkono kuichukua, akaja mbio akasimama kati yangu na kabati.

"Havishikwi, babu. Vina miaka mia."